Aliyeilaza Nyigu

9 Februari 1997

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute mzima, na studio yako imejaa watu wanaotaka picha za pasipoti, maana najua wasipokuja unaanza kumpiga picha paka. Huku tu wazima, isipokuwa macho ya Baba. Kaka amemchukua akae kwake mpaka apasuliwe mtoto wa jicho. Aliondoka akinung'unika kwamba karani wa mahakama hawezi kushikwa mkono barabarani kama mtoto mchanga. Nikamwambia karani mstaafu anaweza. Hakucheka. Basi nyumba nzima nimeachiwa mimi na vyerehani vyangu.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Nimepata kazi ya kushona sare za shule na vitambaa vimekosa pa kukaa, nikaona nisafishe ile stoo ya nyuma ambayo Baba haifungui kamwe. Kufuli lilikuwa limeganda kwa kutu, nikalikata kwa msumeno. Ndani nikakuta milango mibovu imeegemezwa ukutani na kugongelewa ubao kwa misumari, kana kwamba mtu aliogopa itatoroka. Nikang'oa. Nyuma yake, chini ya turubai, kuna pikipiki.

Shangazi, ni ile ya kwenye picha ya sebuleni! Ile umevaa suruali na kamera imekuning'inia shingoni. Niliishusha picha nikaipeleka stoo, nikalinganisha taa, tangi, usukani. Ndiyo yenyewe. Mimi nilikuwa bado natambaa enzi hizo, kwa hiyo niambie: uliiacha kwa nini, na mbona hakuna mtu aliyewahi kuitaja?

Kiti kimeliwa na panya. Tairi zimepasuka kama visigino vyangu. Nimekanyaga kiki kwa mguu wote, haishuki hata kidogo. Lakini naitaka, Shangazi. Nikiweza kupeleka sare mwenyewe sitahangaika tena na wabeba mizigo wanaoziangusha matopeni. Cherehani ni mashine na pikipiki ni mashine, zote hutaka mafuta na heshima tu. Nielekeze. Nianzie wapi?

Mimi binti wa kaka yako.


30 Machi 1997

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako haikuchelewa, jibu ndilo lililochelewa. Mimi mzima. Paka amezaa, kwa hiyo sasa nina wateja wengi.

Usikanyage tena hiyo kiki. Injini iliyolala miaka ni kama mtu aliyezimia, haiamshwi kwa makofi. Fungua plagi. Changanya mafuta ya injini na mafuta ya taa, mimina kidogo kwenye tundu la plagi, uache mafuta yafanye kazi yake. Halafu kila asubuhi weka gia kubwa, shika gurudumu la nyuma, lisukume mbele na nyuma taratibu. Taratibu, nimesema. Siku itakapokubali utasikia yenyewe, kama mtu anayeshusha pumzi.

Kabureta ifungue juu ya shuka jeupe, usije ukapoteza vitu vidogo. Ichemshe kwenye maji yenye ndimu, kisha zibua vitundu vyake kwa uzi wa brashi laini, si kwa sindano. Ninajua utataka kutumia sindano.

Na kabla ya yote hayo, nenda ukaangalie chini ya tangi, upande wa kulia, pale goti linapogusa. Angalia kama pana mbonyeo mdogo wa ukubwa wa kidole gumba, uliopakwa rangi ya kucha, nyekundu. Nijibu hilo kwanza.

Usimwambie baba yako kwamba umeniandikia.

Shangazi yako.


20 Aprili 1997

Shangazi,

Shikamoo tena. Kaka ameandika kwamba upasuaji wa Baba umekwenda vizuri, sasa anaona mpaka anasoma gazeti na kusahihisha makosa yao kwa kalamu. Hongera kwa wajukuu wa paka.

Mbonyeo upo. Rangi ya kucha imebaki kidogo kwenye ukingo, nyekundu iliyokolea.

Na injini imekubali! Nilisukuma gurudumu asubuhi baada ya asubuhi mpaka mikono ikanuka mafuta na wateja wangu wakaanza kunusa suruali zao kabla ya kulipa. Juzi ikajongea kiasi cha unywele. Jana ikazunguka yote. Ilishusha pumzi kweli, kama ulivyosema, nami nikakaa sakafuni nikacheka peke yangu.

Ila kuna jambo silielewi. Pikipiki hii haikutupwa. Matairi yote mawili yalikuwa yameinuliwa juu ya matofali. Tangi lilikuwa limemwagwa petroli yote. Cheni ilipakwa grisi, na bomba la moshi lilizibwa kwa kitambaa kilicholowekwa mafuta, kimekauka lakini kipo. Ndiyo maana pistoni haikuganda moja kwa moja. Aliyeiweka pale aliilaza kama mtu anavyomlaza mtoto. Ni wewe? Kama ni wewe, mbona unaniuliza habari za mbonyeo kana kwamba hujui kilichomo stoo kwetu?

Na kwa nini nisimwambie Baba? Sijazoea kumficha.

Binti yako.


11 Mei 1997

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Mzima, namshukuru Mungu.

Sikuilaza mimi. Pikipiki hiyo iliibwa.

Hivyo ndivyo nilivyojua mpaka Februari ulipoandika. Mbonyeo ule niliupaka rangi mimi mwenyewe, ndiyo maana nilitaka uhakika. Niliiita Nyigu kwa mlio wake. Kwa Nyigu nilipiga picha za harusi na za shule mpaka kule ambako watoto walikuwa hawajawahi kuona sura zao kwenye karatasi. Nilikuwa na mchumba, fundi wa pikipiki mwenye karakana nyuma ya soko. Watu walimwita Kimya, kwa sababu aliweza kukaa na wewe kutwa asiseme neno, na jioni ukaondoka ukihisi mmezungumza. Tulikuwa tumebakiza wiki chache tufunge ndoa tuhamie mji mwingine. Bibi yako alikuwa amepooza, amelala chumba kile unachoshonea wewe sasa.

Asubuhi moja nikaamka, Nyigu haipo.

Kaka yangu ndiye aliyenishika mkono. Baba yako. Aliomba ruhusa mahakamani tukazunguka pamoja, tukauliza kwa wauza vyuma chakavu, tukachungulia makorongo. Nilipochoka aliniketisha kivulini akaninunulia soda, akanifuta machozi kwa leso yake mwenyewe. Ndipo akaniuliza, kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, ufunguo wa pili anao nani?" Hakumtaja mtu. Karani hamtaji mtu. Anakuachia nafasi, unaijaza mwenyewe.

Nikaijaza. Kituoni nilisema jina la Kimya kwa mdomo wangu. Wakamfuata karakana mbele ya wateja wake na majirani zake, nikasimama pale pale nikasema tena, ndiye. Walimweka ndani, wakamtoa baadaye bila kesi, amekonda. Lakini nani tena ampelekee fundi mwizi pikipiki yake? Alifunga karakana akaondoka. Mimi nilibaki nikamuuguza mama mpaka alipofariki, kisha nami nikaondoka. Kamera bila miguu ni pambo tu.

Sasa wewe unaniambia stoo ya nyuma. Mwanangu, kamba ya kuanikia nguo ilipita mbele ya mlango wa stoo ile. Kila siku nilianika mashuka ya mama pale.

Safisha pointi za moto, zile zinazoipa plagi cheche, kwa msasa laini, uache pengo la unene wa karatasi ya jalada. Nataka kuisikia imewaka. Ukiisha, niandikie inasikikaje.

Shangazi yako.


22 Juni 1997

Shangazi,

Shikamoo. Sijui nianze na salamu zipi. Baba amerudi. Ana miwani myeusi na anaona vizuri. Ndiyo taabu yenyewe.

Niliificha barua yako chini ya vitambaa, nikaendelea na kazi kwa sababu sikujua la kufanya na mikono. Tangi nililiosha kwa kokoto na sabuni mpaka kutu yote ikatoka. Nikavalisha tairi mpya. Kiti nilikishona mwenyewe, mshono maradufu. Pointi nilisafisha kama ulivyoagiza.

Jumamosi Baba alikuwa barazani na chai yake. Nikaisukuma Nyigu mpaka uani mbele yake. Nilikusudia, sitakuficha. Nikapiga kiki: kimya. Tena: ikakohoa. Mara ya tatu ikatoa moshi mweusi ukafunika ua mzima, halafu ikashika. Inasikika hivi: kwanza inabweka, kisha inatulia na kuvuma kwa mkupuo, unaihisi kifuani kabla ya masikioni.

Baba aliweka kikombe chini. "Zima."

Nikazima.

"Nani kakwambia uingie stoo?"

"Baba, hii ni ya nani?"

"Takataka ya zamani."

"Takataka haiwekwi juu ya matofali ikapakwa grisi."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama alikuwa hawezi hata kujigeuza," akasema. "Mama yako ana wewe mgongoni. Mimi niko kazini tangu asubuhi. Na shangazi yako anataka kuondoka na fundi gereji. Wewe ungefanyaje?"

"Ningemwomba abaki."

"Nilimwomba."

"Na yule fundi, Baba? Walimweka ndani."

"Walimwachia," akasema. Alisema hivyo, Shangazi, kama mtu anayefunga jalada na kunyoosha mkono kupokea lingine. Kisha akaomba aongezewe sukari.

Huyu ndiye aliyenichapa nilipokuwa darasa la pili kwa kuokota penseli ya mwenzangu. Alinitembeza mpaka kwao nikairudishe, akasimama mlangoni kuhakikisha nasema "niliiba", si "niliokota." Nimeishi miaka yote nikijivunia kipigo kile.

Na wewe pia nina neno nawe. Ulinituma nikaangalie chini ya tangi, hukuniambia kwa nini. Ulinifanya shahidi bila kuniapisha. Nilidhani tunatengeneza pikipiki.

Binti wa kaka yako.


13 Julai 1997

Mwanangu,

Una haki ya kunikasirikia. Nilihitaji macho na nilikuwa na yako tu.

Sasa naomba, siagizi. Nasikia Kimya yuko hai, anatengeneza mashine za kusaga nafaka katika mji ule ulio baada ya daraja la reli. Nenda kwa Nyigu. Akiiona hutahitaji maneno mengi. Mwambie nimejua. Mwambie naomba anwani yake nimwandikie.

Kabla ya safari angalia nati za magurudumu, na uchukue plagi ya akiba. Usizidishe mwendo. Breki za enzi zile zilitengenezwa na watu wenye subira.

Shangazi yako.


10 Agosti 1997

Shangazi,

Shikamoo. Nimekwenda na nimerudi. Baba aliniona nikifunga mzigo, akauliza naenda wapi. Nikasema kwa fundi. Akasema, "Fundi yupi?" Nikapiga kiki.

Kimya ana karakana safi, vifaa vimetundikwa ukutani kwa ukubwa. Ana mvi na mgongo umeinama kidogo. Alikuwa akikaza mkanda wa mashine ya kusaga. Alisikia mlio kabla sijasimama, nikaona mikono yake inaacha kufanya kazi. Hakugeuka. Nilipozima ndipo akageuka, akaitazama pikipiki, si mimi.

Nikasema mimi ni nani. Nikasema umejua.

"Amejua," akasema. Akavuta kigoda nikae. Mkewe akaleta chai, akatusalimu, akaondoka. Tukanywa. Nilidhani hatasema tena, nikaanza kuzungumza mimi, nikamweleza stoo, matofali, kitambaa kwenye bomba la moshi. Hapo akainua kichwa.

"Kilikuwa kimelowekwa mafuta?"

"Ndiyo."

"Na cheni ilipakwa grisi?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa polepole. "Siku mbili kabla haijapotea," akasema, "kaka yake alikuja karakana kwangu. Akasema kazini wana pikipiki ya kuhifadhi muda mrefu, akauliza injini inalazwaje isiharibike. Nikamfundisha. Nikampa na grisi, kopo zima. Nilifurahi, nilidhani shemeji anaanza kunizoea."

Kisha akasema jambo ambalo wewe hukuniambia. Alisema ulipokwenda kituoni yeye akiwa ndani, alikueleza hayo hayo, kupitia nondo. Alikwambia, "Kamuulize kaka yako alitaka kulaza injini ya nani." Na wewe ukamjibu, "Usimtaje kaka yangu kwa mdomo huo."

Ni kweli? Kama ni kweli, Februari hukujua jambo jipya. Ulipata uhakika tu wa jambo uliloambiwa ukalikataa.

Nikampa karatasi aandike anwani. Hakuipokea. "Sitaki barua," akasema. "Alinitaja mbele ya karakana yangu, watu wamejaa. Mama yangu alikufa mtaani pale akiitwa mama wa mwizi. Kama ana neno aje alisemee pale pale, mchana, kwa sauti ile ile. Hapo nitakuja kulisikia."

Nilipotaka kuondoka Nyigu ikagoma, injini ilikuwa ya moto. Nikapiga kiki mpaka jasho likanitoka. Yeye amesimama, mikono nyuma, anatazama pembeni. Mwishowe akashindwa kuvumilia. Akaja, akafunga petroli, akafungua hewa yote, akaizungusha polepole kwa mkono, akafungua petroli tena na kukanyaga mara moja tu. Ikavuma. Akainama akasikiliza, akageuza parafujo ya kabureta robo mzunguko, na mlio ukanyooka. Kwa mara ya kwanza imekuwa sawasawa, Shangazi. Mimi nilidhani ilikwisha kuwa sawa.

"Injini haina kosa," akasema, akarudi kwenye mkanda wake.

Nangoja jibu lako.


28 Septemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Umenyamaza. Nami nitasema machache.

Nyigu inakwenda vizuri, sare zote zimefika shuleni bila tope. Watoto wananipungia mikono.

Baba anajua nilikokwenda na neno nililorudi nalo. Haombi chai kwangu tena, anaichemsha mwenyewe na kuacha sufuria inaungua. Juzi alikuja akasimama mlangoni ninaposhona, akanitaka nikuandikie hivi na hivi: usije, unajua hali ya macho yake, na watu wa mahakamani bado wanamheshimu, na damu ni damu. Nilikataa kuyaandika. Ninakuambia tu kwamba nilikataa.

Alipoondoka nililia. Si kwa ajili yako, usije ukadhani. Nililia kwa sababu aliniomba kwa sauti ile ile ya upole uliyoniandikia wewe, ya siku ya soda. Sasa kila akiwa mpole natafuta nafasi ipi ninayotakiwa kuijaza.

Binti yako.


19 Oktoba 1997

Mwanangu,

Ni kweli. Aliniambia, na nilimjibu vile ulivyosikia.

Sikuliandika kwa sababu nilitaka angalau mtu mmoja anione nimeonewa tu. Kaka yangu alinisaliti mara moja. Kimya alisalitiwa na watu wawili, na mmoja alikuwa amevaa pete yake.

Mpelekee habari: Jumamosi ya pili ya Novemba, saa nne asubuhi, mbele ya karakana ya zamani. Sitalala kwenu. Uje na Nyigu.

Shangazi yako.


16 Novemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Umefika salama? Ulipanda basi bila kugeuka, na mimi sikuthubutu kukuita.

Ulikuwapo, kwa hiyo sina haja ya kukusimulia. Lakini ulikuwa umemkazia macho Kimya peke yake, hukuona mengine, nami nilisimama pembeni nimeshika usukani nikaona yote.

Hukuona kwamba wauza tairi waliopanga ile karakana walizima redio yao bila kuambiwa. Uliposema, "Mimi ndiye niliyesimama hapa nikamwita mtu huyu mwizi, hakuiba, pikipiki ni hii," yule mzee kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu akatoka na wembe mkononi. Kimya alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Mkewe alikuwa nyuma yake. Mimi nilimwona analia, Kimya hakumwona.

Na hukumwona Baba. Alikuja. Alisimama ng'ambo, nyuma ya gari la maji, na kofia yake. Ulipovuta pumzi nilijua unalofikia, nikamwangalia yeye. "Aliyeificha ni kaka yangu, mtoto wa mama yangu, na nyumba yake ni ile." Watu wakageuka kutazama nyumba. Hakuna aliyetazama gari la maji. Angeweza kuvuka barabara, Shangazi. Nilimngoja avuke. Nilimwomba kimoyomoyo, vuka Baba, sema neno moja tu. Akashika ukingo wa kofia yake, akaondoka kwa njia ya nyuma.

Nilimkuta ameketi sebuleni, kofia bado kichwani.

"Umeniuza," akasema.

"Nimetengeneza pikipiki tu, Baba."

"Umeniuza kwa watu."

Nilitaka kumwambia nani aliyemuuza nani katika nyumba hii. Badala yake nikaenda kumchemshia maji ya kuoga.

Asubuhi alinyoa ndevu, akavaa koti, akaenda kwenye benchi la kinyozi kama kila siku. Wazee wenzake walikuwepo. Hakuna aliyemtukana. Walimwitikia salamu, kisha mmoja akakumbuka shughuli, mwingine akakumbuka dawa, wakamwachia benchi lote. Nilipita na mzigo wa sare nikamwona amekaa katikati yake, mikono juu ya magoti, ameangalia mbele. Alikaa mpaka adhuhuri.

Aliporudi aliniuliza swali moja: "Amenisamehe?" Nikasema nitakuuliza.

Nami nina langu. Nampikia, namfulia, lakini siwezi kumtazama usoni. Nifanyeje?


14 Desemba 1997

Mwanangu,

Marahaba. Nilifika salama. Miguu ilivimba lakini imepona. Paka hawakunikumbuka hata kidogo.

Unajua tulipotoka pale Kimya alitembea nami mpaka kituo cha basi, mkewe mbele, sisi nyuma. Nilidhani ana neno. Tulipofika akasema, "Asante. Sasa naweza kuja kumtembelea mama yangu kaburini mchana." Akanipa mkono, akamshika mkewe, wakapanda basi lao. Hayo tu. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza nilitegemea nini zaidi. Nilitegemea kitu, kumbe. Nimezeeka na bado nilitegemea. Alinipa kile nilichostahili, na alinipa kwa adabu.

Nyigu ni yako. Kadi yake nimeitia saini, imo humu. Usiniandikie kunishukuru, na usiniandikie kwamba nije niiendeshe. Magoti yangu hayataki na moyo wangu haujui kama unataka.

Kuhusu baba yako. Alinidanganya mimi, hakukudanganya wewe. Penseli ile alikufanya uirudishe kwa haki. Usimchukie kwa niaba yangu. Chuki ni mzigo wangu, naujua uzito wake, na sijakuomba unisaidie kuubeba. Mpikie. Mfulie. Kaa naye kwenye lile benchi siku moja, hata kama hamsemi kitu. Siku utakayoweza, mtazame usoni. Ni baba yako, na atazeeka upesi sasa.

Lakini swali lake lijibu kama lilivyo. Usilipambe, usilitie sukari, usimwachie nafasi ya kujaza. Mwambie mdogo wake amesema hivi: bado.

Shangazi yako.